Jinsi ya Kupanga Orodha ya Anime Bora za Miaka ya Karibuni: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Orodha nyingi za anime (katuni za Kijapani) bora ninazotumiwa nizipitie huanguka mahali palepale. Mwenye orodha ameanza na nafasi ya kwanza, akaweka anime aliyoimaliza juzi, kisha nafasi zilizobaki akazijaza kwa kukumbuka-kumbuka. Muulize kwa nini ya nne imeishinda ya sita, hana jibu. Muulize tena baada ya mwezi, orodha imeshageuka.

Si kwamba hana ladha. Ladha anayo, na ndiyo inayoifanya orodha iwe yake. Kilichoharibika ni mpangilio wa kazi. Nafasi ya kwanza huamuliwa mwisho kabisa, baada ya kuweka mipaka, kutazama kwa masharti sawa na kuzishindanisha anime mbili mbili. Ukifuata hatua hizi utapata orodha unayoweza kuitetea mbele ya shabiki mkali kuliko wewe.

## Andaa vitu hivi kwanza

Jedwali. La kwenye kompyuta au simu linafaa zaidi kwa sababu utahamisha mistari mara nyingi. Ukipenda karatasi, andika kila anime kwenye kipande chake. Safu unazohitaji ni jina, msimu, studio, tarehe ya kuanza na ya kuisha, idadi ya episodi, alama, na safu moja pana ya maelezo.

Akaunti ya MyAnimeList au AniList, tovuti ambazo mashabiki huorodhesha anime na kuzipa alama. Itumie kuhakikisha tarehe, studio na idadi ya episodi. Wastani wa alama za watu usiutazame mpaka hatua ya sita. Ukishaiona 9 kando ya jina, ni vigumu kutoa 7 kwa moyo mweupe.

Toleo rasmi la kila anime. Nakala za wizi mara nyingi picha yake imebanwa na tafsiri yake imeandikwa mbiombio. Huwezi kuhukumu uhuishaji kwa picha iliyochakaa, wala mazungumzo kwa tafsiri mbovu.

Muda. Episodi ya kawaida ni dakika 24 hivi. Msimu wa episodi 12 ni karibu saa 5, wa episodi 24 karibu saa 10. Misimu 20 yenye wastani wa episodi 18 ni episodi 360, yaani saa 144. Kama saa hizo huna, punguza ukubwa wa orodha. Orodha ya anime kumi zilizotazamwa zote inaishinda ya hamsini ambayo nusu yake ni ya kusikia.

Mtu mmoja ambaye hapendi unachopenda. Utamhitaji hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayobeba zote. "Anime bora za karibuni" si swali. Karibuni ni lini? Bora kwa nini? Anime ni ipi? Usipojibu sasa, utajibu katikati ya kazi, na utajibu kwa namna itakayoipendelea ile uipendayo.

Kuna mipaka minne ya kuamua.

Muda. Chagua tarehe mbili, ya kuanzia na ya kuishia, kisha amua kama unahesabu siku anime ilipoanza au ilipoisha. Mimi nahesabu ilipoisha, kwa sababu siwezi kuhukumu kitu ambacho hakijafungwa. Uamuzi huu una makali. Anime iitwayo *86* ilianza kuonyeshwa Aprili 2021, lakini episodi zake mbili za mwisho zilichelewa hadi Machi 2022. Aliyepanga orodha ya 2021 kwa tarehe ya kuisha haihesabu, na mwenzake aliyehesabu tarehe ya kuanza anayo. Wote wako sawa, mradi kila mmoja ameandika kanuni yake.

Kipimo: msimu mmoja au mfululizo mzima? Hapa ndipo mabishano mengi yanapozaliwa bila sababu. *Attack on Titan* ilianza 2013 na ikafungwa Novemba 2023. Misimu mitatu ya kwanza ilitengenezwa na Wit Studio, ya mwisho ikatengenezwa na MAPPA. Ukisema ni mfululizo mmoja, umeingiza kazi ya miaka kumi kwenye orodha ya "karibuni". Ukisema ni msimu mmoja mmoja, unahukumu sehemu ya mwisho peke yake.

Ushauri wangu ni kupima msimu mmoja mmoja. Studio hubadilika, waongozaji hubadilika, na ubora nao unabadilika. Msimu wa kwanza wa *One Punch Man* wa 2015 ulitengenezwa na Madhouse, wa pili wa 2019 na J.C.Staff, na hakuna aliyeitazama yote miwili atakayekuambia inastahili nafasi moja. Kuhama studio si lazima kuvunje kitu, maana *Vinland Saga* nayo ilihama kutoka Wit kwenda MAPPA, lakini mwongozaji Shuhei Yabuta alibaki, na msimu wa pili ukasimama imara.

Jihadhari na misimu iliyokatwa vipande viwili. Msimu wa kwanza wa *Spy x Family* una episodi 25, lakini zilionyeshwa kwa awamu mbili mwaka 2022, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba, na MyAnimeList imeipa kila awamu ukurasa wake. Mimi nauhesabu kuwa msimu mmoja. Ukiamua tofauti, amua hivyo kwa anime zote.

Anime ni nini? *Solo Leveling* ni hadithi ya Kikorea, lakini imetengenezwa Japani na A-1 Pictures. *Cyberpunk: Edgerunners* imetokana na mchezo wa kompyuta wa kampuni ya Poland, ila uhuishaji ni wa studio Trigger ya Japani. Kwangu zote mbili zinaingia. *Arcane*, iliyohuishwa na Fortiche ya Ufaransa, haiingii hata kama ni kazi nzuri mno. Kanuni yangu ni studio iliyotengeneza. Yako inaweza kuwa nyingine.

Filamu. Amua kama zinaingia. Katika *Demon Slayer*, sehemu ya *Mugen Train* ilitoka kwanza kama filamu mwaka 2020, kisha ikakatwa kuwa episodi 7 za televisheni mwaka 2021. Bila kanuni, utaihesabu mara mbili au utaisahau kabisa.

Sasa unganisha yote. Sentensi yangu, ambayo nitaitumia kama mfano hadi mwisho, ni hii: *misimu mizima ya anime za televisheni na intaneti, zilizotengenezwa na studio za Japani, iliyoisha kati ya Januari 2020 na Desemba 2024, iliyotimiza vizuri zaidi kile ilichoahidi.*

Utajua umefaulu ukimsomea mtu sentensi yako, akakutajia anime yoyote, nawe ukajibu papo hapo kama inaingia au haiingii.

## Hatua ya 2: Kusanya majina bila kuyapanga

Usikusanye kwa kukumbuka. Kumbukumbu hukuletea zenye kelele na zilizotoka karibu, na huziacha zile tulivu za miaka mitatu nyuma.

Anime za Japani hutoka kwa robo za mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Fungua kalenda ya kila robo kwenye MyAnimeList au AniList, uanze na robo ya kwanza ya kipindi chako, na uandike kila uliyotazama. Miaka mitano ni robo 20. Kazi hii ni ya jioni moja.

Kisha tengeneza orodha ndogo ya pembeni ya zile ambazo hukuzitazama lakini zinatajwa sana. Tuzo husaidia hapa. Tuzo ya anime ya mwaka ya Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ilikwenda kwa *Cyberpunk: Edgerunners* mwaka 2023, msimu wa pili wa *Jujutsu Kaisen* mwaka 2024, na *Solo Leveling* mwaka 2025. Tumia tuzo kujua nini umekikosa, basi. Mshindi haingii kwenye orodha yako kwa sababu ameshinda.

Onyo: usiandike namba yoyote kando ya jina kwa sasa. Panga majina kwa alfabeti. Ukianza kupanga kwa ubora hapa, hatua zote zinazofuata zitakuwa za kuthibitisha ulichokwisha kuamua.

Utajua umefaulu ukiwa na majina 20 hadi 40, na angalau matatu kati yake ulikuwa umeyasahau kabisa.

## Hatua ya 3: Tazama kwa masharti sawa

Anime uliyoitazama kwa usiku mmoja na ile uliyoifuata wiki kwa wiki haziko kwenye mizani moja. Ya wiki kwa wiki imekaa nawe miezi mitatu, umeizungumza na wenzako, umeisubiri. Ya usiku mmoja imepita kama mvua ya manyunyu, hata kama ni bora kuliko ile.

Huwezi kurudia kutazama zote. Unachoweza ni kurudia episodi tatu za kila moja: ya kwanza, moja ya katikati, na ya mwisho. Ya kwanza inaonyesha ahadi, ya mwisho inaonyesha kama ahadi imetimizwa, na ya katikati ndiyo inayofichua ukweli, kwa sababu hapo ndipo bajeti na muda wa studio huanza kubana.

Mfano ulio wazi ni *Uzumaki* ya 2024. Ina episodi 4 tu. Ya kwanza ilikuwa na michoro ya rangi nyeusi na nyeupe iliyotetemesha watu. Ya pili ilishuka kwa kiasi ambacho hata asiyejua uhuishaji aliona. Anayeikumbuka kwa episodi ya kwanza ataiweka juu mno, na anayeirudia ataona mteremko mwenyewe.

Masharti mengine ya kulinganisha:

- Lugha ya sauti iwe moja. Ukitazama moja kwa Kijapani na nyingine kwa sauti zilizowekwa juu, utakuwa unalinganisha waigizaji wa lugha mbili.
- Toleo liwe la aina moja. Matoleo ya diski mara nyingi husahihisha michoro iliyotoka na kasoro kwenye televisheni.
- Usiruke muziki wa kufungulia na wa kufungia, angalau mara moja. *Chainsaw Man* ya 2022 ilikuwa na wimbo tofauti wa kufungia kwa kila episodi kati ya 12. Aliyebonyeza kitufe cha kuruka amekosa sehemu ya kazi yenyewe.
- Iache ipoe. Anime ikiisha, subiri miezi mitatu kabla ya kuipa nafasi. Hiyo ni robo moja nzima, na kufikia hapo kelele za mashabiki zimehamia kwingine.

Wakati wa kurudia, andika mistari mitatu tu kwenye safu ya maelezo: iliahidi nini, wapi imeng'aa, wapi imeyumba. Taja tukio lenyewe. "Uhuishaji mzuri" hautakusaidia chochote baada ya wiki mbili.

Utajua umefaulu ukisoma mistari hiyo siku nyingine na ukaweza kuiona anime ile machoni bila kuifungua.

## Hatua ya 4: Toa alama, lakini za kugawa makundi tu

Tumia vigezo vitano, jumla 100:

- Hadithi na namna inavyofungwa: 30
- Wahusika: 25
- Uhuishaji na uongozaji: 20
- Uthabiti kutoka episodi hadi episodi: 15
- Sauti na muziki: 10

Ukitaka kubadilisha uzito, badilisha kabla ya kuanza kutoa alama. Anayependa anime za mapigano anaweza kuupa uhuishaji 30, na ni haki yake. Asichoweza ni kugundua katikati kwamba anime yake imeshuka, kisha akaupandisha uzito ili kuiokoa.

Kigezo cha kufunga hadithi kinahitaji uangalifu. Misimu mingi ya karibuni haimalizi hadithi nzima kwa sababu manga yenyewe (vibonzo vya kuchapishwa vinavyozaa anime nyingi) ilikuwa mbele zaidi. *Delicious in Dungeon* ya 2024 inaishia episodi ya 24 huku safari ikiwa haijafika mwisho. Usiiadhibu kwa hilo. Uliza kama msimu umefunga mlango wake wenyewe: je, kuna kitu kilichoanzishwa na kikafika? Kwa upande wa pili, *Wonder Egg Priority* ya 2021 ilikuwa hadithi mpya isiyotokana na manga, ikafungua maswali mazito katika episodi 12, ikaongeza episodi maalumu mwezi Juni, na bado ikaacha maswali yake makuu hewani. Hapo alama za kufunga zinashuka kwa haki, hata kama episodi za mwanzo ni miongoni mwa nilizozipenda sana mwaka ule.

Alama zikishatoka, gawa makundi matatu: 85 na zaidi, 70 hadi 84, chini ya 70. Kundi la tatu liweke kando. Linatosha.

Onyo: usipange nafasi kwa alama hizi. Tofauti kati ya 91 na 89 si ubora, ni hali yako ya siku hiyo. Alama hujua kutenganisha makundi, hazijui kutenganisha majirani.

Utajua umefaulu kundi la juu likiwa na anime zisizozidi kumi au kumi na mbili. Zikizidi, umekuwa mkarimu. Rudi kwenye kigezo cha uthabiti, ndicho kinachochuja zaidi.

## Hatua ya 5: Zishindanishe mbili mbili

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua anime mbili za kundi la juu, uliza swali lako la hatua ya kwanza, chagua moja. Rudia.

Njia ya haraka ni hii. Anza na anime mbili, uzipange. Ichukue ya tatu na uishindanishe na ile iliyo katikati ya orodha. Ikishinda, panda nusu ya juu, ikishindwa shuka nusu ya chini, kisha ishindanishe tena na ya katikati ya nusu hiyo, mpaka ipate pake. Kwa orodha ya anime 15, kila inayoingia inahitaji mashindano yasiyozidi manne. Huna haja ya kulinganisha kila moja na kila nyingine.

Nikuonyeshe shindano moja zima, kwa sababu hapa ndipo alama na uamuzi hutofautiana: msimu wa kwanza wa *Frieren* dhidi ya msimu wa pili wa *Vinland Saga*.

Kwanza, taja ahadi ya kila moja.

*Frieren* inaanzia pale hadithi nyingine zinapoishia. Mashujaa wamerudi kutoka kumshinda Mfalme wa Mashetani. Safari yao imechukua miaka kumi, na kwa Frieren, elfi (kiumbe wa hadithi mwenye maisha marefu mno) aliyekwisha kuishi zaidi ya miaka elfu moja, hiyo ni kama kufumba na kufumbua. Miaka hamsini baadaye wenzake wamezeeka. Himmel, kiongozi wao, anafariki, na kwenye mazishi yake Frieren analia kwa kutambua kwamba hakujishughulisha kumjua. Ahadi ni kutuonyesha mtu anayejifunza thamani ya watu akiwa amechelewa.

*Vinland Saga* katika msimu wa pili inamchukua Thorfinn, kijana aliyekulia vitani, na kumweka mtumwa kwenye shamba la Ketil. Pamoja na Einar anakata miti, anang'oa visiki, anapanda ngano. Ahadi ni swali moja: je, mtu aliyelelewa kuua anaweza kuishi bila kupigana?

Pili, uliza kila moja imeitimiza wapi na imeiacha wapi.

*Frieren* inaitimiza ahadi yake kwa ustadi ambao sijauona mara nyingi. Safari mpya inapita mahali palepale pa zamani, na kila kijiji kinamkumbusha jambo ambalo Himmel alilifanya kwa ajili yake bila yeye kulielewa. Muziki wa Evan Call na uongozaji wa Keiichiro Saito hauna haraka, na haupigi kelele panapohitaji kimya. Lakini kuanzia episodi ya 18 hadithi inaingia kwenye mtihani wa wachawi wa daraja la kwanza. Wanaletwa wahusika wengi wapya, mapigano yanachukua nafasi, na kwa episodi kadhaa swali la Frieren linasogezwa pembeni. Mapigano ni mazuri. Ahadi ndiyo inayongoja.

*Vinland Saga* inakwenda polepole, na nusu ya kwanza itawachosha waliokuja kutafuta vita vya msimu wa kwanza. Ila haitoki kwenye swali lake hata mara moja. Kila siku shambani inaliuliza. Na linapokuja kujibiwa karibu na mwisho, Thorfinn anakubali kupigwa ngumi mia moja bila kurudisha hata moja ili tu apate nafasi ya kuzungumza na Mfalme Canute. Akiwa uso umevimba, anaulizwa kwa nini hapigani, anasema hana maadui. Episodi zote zilizotangulia zilikuwa zikiijenga sentensi hiyo.

Tatu, amua. Kwa alama za hatua ya nne, *Frieren* ilikuwa juu, kwa uhuishaji na muziki. Kwa swali nililoandika mwenyewe, *Vinland Saga* inashinda. Nafasi inafuata swali, na hii ndiyo sababu hatua ya kwanza haikwepeki.

Onyo la mzunguko: ukiona A imeishinda B, B imeishinda C, halafu C inaishinda A, usitupe sarafu. Maana yake umebadilisha swali katikati. Pengine A na B ulizilinganisha kwa hadithi, C na A ukazilinganisha kwa michoro. Rudia mashindano matatu yote kwa swali moja.

Onyo la kuchoka: mashindano zaidi ya kumi kwa mkao mmoja ni mengi. Ukianza kujibu kabla hujafikiri, simama.

Utajua umefaulu ukiweza kusema, kwa kila jozi ya majirani, kitu kimoja kilichoitenganisha.

## Hatua ya 6: Ipime orodha kwa macho ya nje

Sasa fungua wastani wa alama za watu na uulinganishe na orodha yako. Lengo si kukubaliana nao. Unatafuta tofauti kubwa, kisha unauliza kila moja ina sababu gani.

Fahamu kwanza namba hizo zinavyozaliwa. Misimu ya pili na ya tatu huwa na alama za juu kwa sababu walioichukia ya kwanza hawakurudi kupiga kura. Waliobaki ni wapenzi watupu. Kwa hiyo msimu wa tatu wenye 9 na hadithi mpya yenye 8.5 haziko mbali kama zinavyoonekana. Pia, kwenye MyAnimeList alama 5 imeandikwa kuwa ni wastani, lakini mashabiki wengi huipa 7 anime wanayoiona ya kawaida tu. Kipimo chote kimejibana juu.

Kisha angalia mambo matatu ndani ya orodha yako:

- Ngapi kati ya tano za juu ziliisha katika mwaka wa mwisho wa kipindi chako? Zikiwa tatu au zaidi, shuku upya wake.
- Ngapi ni za aina moja? Kama zote kumi ni za mapigano, ama badilisha kichwa cha orodha kiseme hivyo, ama rudi hatua ya pili.
- Kuna ambayo ungeona aibu kuitoa? Aibu si sababu. Ishindanishe tena na iliyo chini yake.

## Hatua ya 7: Tetea kila nafasi kwa sentensi moja

Kila anime ipate sentensi inayosema kwa nini iko hapo na si nafasi moja chini. Tano zangu za juu kwa swali la hatua ya kwanza ni hizi:

1. *Vinland Saga*, msimu wa 2 (2023): haikuliacha swali lake hata kwa episodi moja kati ya 24, na jibu lake lilikuwa la gharama.
2. *Frieren*, msimu wa 1 (2023–2024): hakuna iliyoongozwa kwa utulivu kama hii, ila mtihani wa wachawi uliisogeza ahadi pembeni.
3. *Odd Taxi* (2021): kila porojo ndani ya teksi ya Odokawa inarudi kuwa na maana, na episodi 13 zinafunga karibu kila uzi, ingawa michoro yake ni ya kawaida kuliko ya zilizo juu yake.
4. *Bocchi the Rock!* (2022): episodi ya 8, pale Hitori, mhusika mkuu, anapoinua gitaa kuliokoa onyesho lililoanza vibaya, ni wakati mzuri kuliko wowote ndani ya *Odd Taxi*, lakini msimu wake hauna uzito wa hadithi ya kuubeba hadi mwisho.
5. *Delicious in Dungeon* (2024): upishi wa mazimwi unaanza kama utani na unaishia kuwa swali zito la nani anamla nani, ila nusu ya kwanza inachukua muda kulifikia.

Msomee sentensi zako yule mtu asiyependa unachopenda. Hahitaji kukubali. Anatakiwa aelewe. Akisema "sikubaliani, lakini nimeona unachosema", nafasi hiyo imesimama. Akisema "mbona sababu hiyo inaifaa hata ile ya chini yake?", umepata jozi ya kushindanisha upya.

Onyo: usivujishe miisho unapotetea. Taja tukio la katikati inapowezekana, na linapohitajika tukio la mwisho, mwonye msomaji kabla.

## Hatua ya 8: Ichapishe pamoja na kanuni zake, kisha ifanyie marekebisho kwa kalenda

Weka sentensi ya hatua ya kwanza juu kabisa, kabla ya nafasi ya kwanza, pamoja na tarehe uliyofunga orodha. Taja pia anime kubwa ulizozikosa. Msomaji akijua hukuitazama *86*, hatadhani umeidharau.

Kama orodha yako inaendelea mbele badala ya kuishia mwaka fulani, irudie mara nne kwa mwaka: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba, robo zinapofungwa. Inayoisha Machi iingie Juni, ikishapoa miezi yake mitatu. Inapoingia, ishindanishe kama ulivyofanya hatua ya tano, kuanzia katikati ya orodha. Zilizokuwamo zisiguswe isipokuwa umezirudia kuzitazama. Kila toleo lihifadhi na tarehe yake, na kando ya kila iliyopanda au kushuka andika ilishindana na ipi.